Mkataba wa kwanza wa marubani wa ndege za mizigo: tuanzie wapi mezani?

Nahodha_Langoni (mwanzisha uzi)

Masalkheri wanajamvi.

Naanzisha uzi huu kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaani kwetu Langoni, hapa Lamu, ambaye jina lake silitaji. Yeye ni rubani msaidizi katika kampuni ya ndege za mizigo iliyoko Nairobi, na alikuja nyumbani kwa likizo ya siku nne. Usiku wa tatu alinifuata barazani baada ya Isha, akakaa kimya mpaka wazee wengine walipoinuka, kisha akatoa mfukoni mwa kanzu karatasi sita zilizokunjwa. Ilikuwa rasimu ya madai. Marubani wa kampuni yao wamejiunga na chama, kampuni imekitambua chama hicho kwa shingo upande, na sasa wanaitwa mezani kujadili mkataba wao wa kwanza wa makubaliano ya pamoja. Ukurasa wa kwanza na wa pili ulikuwa mishahara mitupu. Mapumziko niliyakuta ukurasa wa tano, mistari miwili, chini ya sare na viatu.

Nilimwambia kwamba karatasi zile zilikuwa zimepangwa miguu juu. Akaniomba niyaandike hapa niliyomwambia, ili wenzake wayasome na wenye kujua zaidi wanisahihishe. Mimi nilirusha ndege za mizigo kwa miaka ishirini na mitatu, kutoka Lokichoggio wakati wa misaada ya Sudan hadi kiwanja cha Wilson, Nairobi, na safari za Somalia, na sikuwahi hata siku moja kufanya kazi chini ya mkataba wa pamoja. Kwa hiyo ninayoyasema ni ya mtu aliyeonja kukosa.

Rubani wa mizigo katika kampuni nyingi ndogo hulipwa mshahara wa msingi ulio mdogo, kisha huongezewa kwa kila saa ya kuruka. Ndiyo maana vijana wakikaa kuandika madai, kalamu hukimbilia kiwango cha saa. Wanasahau kuuliza saa yenyewe huanza kuhesabiwa lini.

Nitaeleza siku moja tu, ingawa zilikuwa nyingi za namna hiyo. Tuliitwa saa kumi alfajiri kubeba miraa kwenda Mogadishu. Miraa huchumwa milima ya Nyambene, hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa barabarani usiku, kwa sababu ikikauka haina mnunuzi. Siku hiyo mvua iliharibu barabara, na magari hayakufika hadi saa tano. Tulikaa saa saba chini ya bawa na kwenye viti vya chumba cha rubani, hatukuweza kulala wala kuondoka, maana simu ingeweza kulia wakati wowote. Tuliruka saa sita mchana, tukapakua, tukarejea Nairobi saa kumi na mbili jioni. Katika daftari la kampuni kazi ilianza injini zilipowashwa na ikasimama kila zilipozimwa, nami nikaandikiwa saa nne na nusu. Kwa hesabu ya mwili wangu zilikuwa saa kumi na nne. Tulipokuwa tukishuka, mwongozaji wa ndege alinipa namba ya mwinuko, nikaikariri vibaya. Akairudia, nikaikariri vibaya tena. Rubani msaidizi wangu, binti wa miaka ishirini na sita, alinigusa bega na kuijibu yeye. Kesho yake rosta ilinitaka tena saa kumi alfajiri.

Kanuni za usafiri wa anga za hapa kwetu zina mipaka ya saa za kazi na za mapumziko, na sheria hiyo haibagui abiria na magunia. Lakini mkaguzi husoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa hutegemea neno «kazi» limepewa maana gani ndani ya kampuni. Kwa hiyo ningekuwa mimi, kipengele cha kwanza mezani kingekuwa tafsiri ya neno hilo: kazi huanza rubani anapotakiwa kufika kiwanjani na huisha anapoachiliwa baada ya kukamilisha karatasi za ndege, kungoja shehena ni kazi, na kukaa akiba karibu na simu nako kuna hesabu yake na malipo yake.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka boriti Uarabuni. Mafungu ya nahodha, sarangi na mabaharia yalipatanwa kabla ya tanga kupandishwa, na baharia aliyengoja upepo wa kusi bandarini alikula chakula cha chombo. Hakuna aliyemwambia kwamba safari bado haijaanza.

Naomba maoni yenu, hasa wanaojua sheria.

Binti_Mkomani

Sabalkheri, Ami. Nimesoma uzi wako jana usiku, na kwa kuwa kazi yangu ni ya sheria za ajira, naomba niongeze mambo ambayo marubani hawa wanapaswa kuyashika kabla hawajaketi.

Haki yenyewe haina ubishi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma, na kinakipa chama haki ya kujadiliana kwa pamoja na mwajiri. Taratibu zimo katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007. Kifungu cha 54 kinamlazimu mwajiri kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwakilishwa na chama. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye miiba. Nimewahi kushughulikia suala la kampuni moja, siyo ya ndege, ambayo mara tu fomu za makato, za kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, zilipoanza kusainiwa iliwagawia wafanyakazi wake wakongwe barua za umeneja. Mshahara haukuongezeka hata shilingi, ofisi hawakupewa, hawakuwa na mtu wa kumsimamia. Waliongezewa neno «meneja» tu, ili ionekane kwamba hawawezi kuwakilishwa na chama. Katika kampuni yenye marubani ishirini, manahodha wanane wakiitwa mameneja, wingi unaweza kuyeyuka kwa barua za asubuhi moja. Kwa hiyo mkataba wa kutambuana uandikwe wazi ni vyeo gani vimo na vipi havimo, na unahodha wa ndege usichukuliwe kuwa umeneja.

Jambo la pili ni kifungu cha 57, ambacho watu wengi hawakisomi hadi mwisho. Kinamtaka mwajiri akipe chama taarifa zote zinazohusika ili kiweze kujadiliana ipasavyo. Marubani wasiende mezani na makisio ya mtaani. Waombe kwa barua rosta za mwaka mzima, saa zilizorukwa na kila rubani, na gharama za wafanyakazi. Wakinyimwa, hilo lenyewe ni hoja.

La tatu ni kwamba kusaini si kumaliza. Chini ya kifungu cha 60, mkataba unatakiwa kupelekwa mahakamani kusajiliwa ndani ya siku 14, na hautekelezeki kisheria mpaka usajiliwe. Ukishasajiliwa, masharti yake huingia ndani ya ajira ya kila mmoja anayehusika, hata kama barua yake ya kazi inasema vingine.

Mhasibu_Malindi

Salamu kwenu wote. Nasoma kutoka Malindi, na naomba radhi mapema kwa sababu nitazungumza kwa upande usiopendwa. Nilifanya kazi miaka sita katika uhasibu wa kampuni ya ndege za mizigo, ambayo sasa haipo tena.

Kapteni, siku uliyoisimulia ni ya kweli, nami nimeziona nyingi kama hiyo katika vitabu vyangu. Hata hivyo, ndege ile iliyopeleka miraa Mogadishu ilirudi na nini? Mara nyingi hurudi tupu, au na furushi mbili tatu zisizolipia hata mafuta ya kupasha injini moto. Mafuta, vipuri, bima na kodi ya ndege hulipwa kwa dola, na mwenye shehena hulipa kwa shilingi baada ya miezi miwili akipenda. Tena biashara yenyewe hufungwa siku yoyote kwa uamuzi wa serikali: Somalia ilizuia miraa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, na katika miezi hiyo hapakuwa na mkataba ambao ungeweza kuzalisha fedha ya kumlipa rubani. Mkisema kila saa ya kungoja ilipwe kama saa ya kuruka, kampuni yenye ndege tatu itauza moja, na marubani sita watakuwa barazani nanyi.

Sipingi chama. Ninachosema ni kwamba mkataba wa kwanza ukiandikwa kwa hasira, huandikiwa kampuni isiyokuwapo.

Nahodha_Langoni

Ahsante sana Binti Mkomani, na nakushukuru pia, ndugu yangu wa Malindi, kwa kusema wazi.

Kuhusu hesabu hatugombani. Sikusema saa ya kungoja ilipwe sawa na saa ya kuruka, nilisema ihesabiwe. Hayo ni mambo mawili, na la pili halina bei kubwa kama unavyohofia. Saa ya kungoja inaweza kulipwa robo, au isilipwe kabisa mpaka zipite saa mbili, hayo ni ya kuvutana mezani. Lakini lazima iingie katika jumla ya saa za kazi za siku, ili rubani aliyekaa saa saba chini ya bawa asitumwe tena kana kwamba ametoka kitandani. Kampuni ikilazimika kuihesabu, itajifunza pia kumwambia mwenye shehena kwamba gari likichelewa saa nne, safari ni ya kesho au atalipia wafanyakazi wengine. Kwa sasa uchelewaji wake unalipiwa na usingizi wetu.

Watu hudhani uchovu ni malalamiko ya wavivu, kwa hiyo nitaje yaliyo kwenye kumbukumbu za wachunguzi. Tarehe 18 Agosti 1993 ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka ikijaribu kutua Guantanamo, Cuba, na wachunguzi wa Marekani wakautaja uchovu wa marubani kuwa ndani ya chanzo chenyewe cha ajali. Watu watatu waliokuwamo waliponea chupuchupu. Mwaka 2009 ndege ya abiria ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, hukohuko Marekani, wakafa watu 50, na baada ya hapo serikali yao iliandika upya kanuni za mapumziko, zikaanza kutumika Januari 2014. Marubani wa mizigo waliachwa nje ya kanuni hizo, kwa hoja kwamba gharama ingezidi faida. Rubani wa abiria akawekewa kikomo cha kati ya saa 9 na 14 kwa zamu kutegemea saa anayoanza, ilhali mwenzake wa mizigo anaweza kufika saa 16. Na kabla kanuni hizo hazijaanza kutumika, alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2013, ndege ya mizigo ya UPS iliangukia kilima karibu na kiwanja cha Birmingham, Alabama, marubani wote wawili wakafa, na uchovu ukatajwa tena miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Ndiyo sababu marubani wa mizigo wa kule hutegemea mikataba ya vyama vyao kuwapa mapumziko ambayo sheria haikuwapa. Wala haikuja haraka: marubani wa kampuni ya mizigo ya FedEx walichagua chama mwaka 1993, wakaja kukibadilisha njiani, na mkataba wao wa kwanza ukapatikana mwaka 1999. Kijana wangu alidhani watamaliza kabla ya Ramadhani.

Rubani_Kijana

Shikamoo Ami, na salamu kwa wakubwa wote. Mimi ndiye mwenye karatasi sita.

Naomba kukiri jambo. Sehemu kubwa ya rasimu yetu tuliichukua katika mkataba wa marubani wa Marekani tuliouona mtandaoni, ndiyo maana mna kipengele cha siku 30 za kupoa kabla ya mgomo na kinachosema mkataba hauishi bali unafunguliwa kurekebishwa. Je, vinafaa kwetu? Swali la pili linanihusu mimi mwenyewe pamoja na wenzangu wanne. Kampuni ilitulipia mafunzo ya kurusha aina ya ndege tunayoitumia, tukasaini kuitumikia miaka mitatu ama turudishe gharama yote. Nimebakiza miezi minane. Mmoja wetu alipokataa safari kwa uchovu, aliulizwa kama anakumbuka deni lake.

Binti_Mkomani

Marahaba kwa niaba ya Ami, mdogo wangu, naye atakujibu ya ndege. Mimi nikujibu ya sheria.

Vipengele hivyo viwili viondoeni. Vinatokana na sheria yao ya reli ya mwaka 1926, ambayo mwaka 1936 ilipanuliwa kuzihusu kampuni za ndege, na kwa sheria hiyo marubani hawawezi kugoma mpaka bodi ya upatanishi iwaachilie na siku 30 zipite. Kwetu njia ni nyingine. Mkishindwana, mgogoro huripotiwa kwa Waziri wa Leba, naye ana siku 21 za kumteua msuluhishi, na msuluhishi ana siku 30, ambazo pande mbili zinaweza kukubaliana kuziongeza. Akishindwa, ndipo ilani ya mgomo ya siku 7 hutolewa kwa maandishi. Marubani hawamo katika orodha ya huduma za lazima, ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma, tofauti na waongozaji wa ndege, ambao wamo. Hata hivyo msijidanganye kwamba mgomo ni mlango ulio wazi: marubani wa Kenya Airways waligoma Novemba 2022, wakidai pamoja na mengine michango ya mfuko wao wa akiba, na ndani ya siku chache mahakama iliwaamuru warudi kazini. Na hao ni wengi, wanalo jina, na abiria walikwama viwanjani mbele ya kamera. Gunia la miraa likikwama hakuna anayelipiga picha.

Kuhusu muda wa mkataba, andikeni miaka miwili, na andikeni wazi kwamba masharti yaliyopo yataendelea mpaka mapya yasajiliwe. Hapo mtakuwa mmepata lile zuri mliloliona kwa Wamarekani bila kunakili sheria yao.

Deni la mafunzo lazima liingie mezani. Lisifutwe, kwa sababu kampuni ilitoa fedha kweli, lakini lipungue kila mwezi unaotumikia, na liandikwe kwamba kukataa safari kwa sababu ya uchovu hakuwezi kuwa sababu ya kulidai wala kuwa kosa la nidhamu.

Mhasibu_Malindi

Kwa hili la deni nawaunga mkono bila kusita, kwa kuwa sisi wenyewe katika vitabu tulikuwa tukilipunguza kila mwezi, huku barua ya rubani ikisema bado ni lote.

Naongeza moja, kwa kuwa nililishughulikia kwa mikono yangu. Someni bima. Bima ya kawaida ya ndege huondoa vita, utekaji nyara na mengine ya namna hiyo, kwa kipengele kinachoitwa AVN 48B, na kinga ya mambo hayo hununuliwa mbali. Mnakwenda Somalia. Tarehe 4 Mei 2020 ndege iliyobeba vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa karibu na Berdale, watu sita wakafa. Familia ya rubani haipaswi kugundua msibani kwamba karatasi waliyoambiwa ni bima haikuvuka mpaka. Mkataba uitaje bima hiyo, kiwango chake na nani analipia, na rubani awe na haki ya kuiona karatasi kabla ya kukubali safari.

Nahodha_Langoni

Hilo la bima nililisahau, na si dogo. Nimeruka miaka kumi na moja upande ule na sikuwahi kuiona karatasi hiyo.

Kijana wangu, kwa upande wa ndege nina mawili. La kwanza, mtakapoletewa rasimu ya kampuni, someni vitenzi kabla ya namba. Miaka ya nyuma tuliwahi kujadiliana bila chama, sisi manahodha watano na mwanasheria wa kampuni, kuhusu chumba cha kulala pale tunapolazimika kulala njiani. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba rubani «atapewa» chumba cha peke yake. Karatasi iliporudi ilisema «anaweza kupewa». Tulisaini kwa kuwa ilikuwa Ijumaa mchana na kila mtu alitaka kwenda kuswali. Nililala juu ya mifuko ya barua mara nne mwaka ule, na kila nilipolalamika nilioneshwa neno hilo.

La pili, mteueni mmoja aandike kila kinachosemwa mezani, asiwe mzungumzaji, na mwisho wa kikao pande zote mbili zitie saini ukurasa wake kabla ya kuinuka.

Ama mishahara, iende ukurasa wa nne. Mwenzetu wa Malindi ameshakuonesha wapi kampuni itavutia kamba, na ukifika huko na tafsiri ya kazi, mapumziko, bima na deni vikiwa vimekwisha kusainiwa, utakuwa na mambo machache ya kubadilishana na hutalazimika kuuza usingizi ili uongezewe shilingi.

Rubani_Kijana

Nimeelewa, Ami. Kikao cha kwanza ni Jumanne ijayo, na jana tumetuma barua ya kuomba rosta za mwaka mzima kama alivyoelekeza dada. Wenzangu wawili hawajakubali mishahara ishuke ukurasa wa nne. Wanasema wanachama watatuona tumenunuliwa. Nimewatumia uzi huu wausome. Kesho navuka Manda kupanda ndege ya saa nane.

Nahodha_Langoni

Basi usivuke kabla hujapita kwangu. Njoo na ukurasa wa tafsiri za maneno peke yake, na kalamu ya wino mwekundu. Nipo barazani tangu baada ya Alfajiri.

Na hao wenzako wawili, waulize walikuwa na saa ngapi za kungoja mwezi uliopita. Kama hawajui, hata kampuni haijui, na Jumanne mtaanzia hapo.